Jina Halihusiki

Jumatatu, 3 Februari

Dkt. Rampersad amepiga simu tena kutoka Trinidad. Kile kitabu ambacho wanafunzi wangu wa zamani wameandika kunienzi kiko tayari kwenda kiwandani kuchapwa. Kinachosubiriwa ni ukurasa wangu tu — maisha yangu ya usomi, niyaandike mwenyewe. "Maneno mia tano, Profesa. Wewe hiyo si kazi."

Si kazi! Nimekaa barazani asubuhi nzima. Nimeandika: "Nilizaliwa Jamaika mwaka 1947, kwenye ardhi isiyo na karatasi." Nikafuta. Nikaandika tena. Miaka thelathini na tisa ya kufundisha sheria ya ardhi, vitabu vinne, makala sijui ngapi, na ukurasa mmoja unanishinda. Na nilivyokuwa nawakata watoto wa watu alama kwa kuchelewa siku moja!

Lebert alipita na mbuzi wake saa nne, akanikuta kalamu iko hewani.

"Vipi, Hakimu, kesi imekushinda leo?"

Ananiita Hakimu tangu tukiwa na miaka sita, nilipokuwa napanda juu ya pipa la maji kuamua nani kaiba pera la nani. Sikuwahi kuwa hakimu. Nimewafundisha mahakimu tu, lakini kwake ni mamoja. Aliniachia shelisheli la kwanza la mti wake, kama kila mwaka. Hata nilipokuwa Kingston alinitumia kwa dereva wa basi, limefungwa gazetini, jina langu limeandikwa kwa makaa. Tumelichoma jioni hapahapa uani, tukalila na samaki wa chumvi. Lilikuwa la njano ndani, laini. Yeye alikula zaidi.

Jumatano, 5 Februari

Verona amefungua kesi! Amemshitaki Lebert — kaka yake!

Tarishi wa mahakama alikuja kwa pikipiki. Lebert akapanda kilima na bahasha mkononi, miwani iko kwenye paji la uso, na huku anaitafuta. Nikamsomea ukurasa wa kwanza. Verona anataka Lebert atoke kwenye kipande cha chini, kile kinachoangalia bahari. Amekaa pale tangu utoto.

Verona ni binti wa mjomba wangu Gersham, alizaliwa Birmingham. Amerudi mwaka juzi na pensheni ya uuguzi na ramani ya nyumba yenye vyoo vinne. Lebert ni mtoto wa mjomba Gersham wa kabla ya Uingereza, aliyelelewa hapa na Bibi Clem pamoja na mimi. Hivyo ndivyo kila mtu ajuavyo.

Nilicheka. Ekari sita hizi alizinunua Prosper Gallimore, babu yake Bibi Clem, miaka michache baada ya utumwa kwisha. Haziuzwi wala hazigawanywi. Ni za wote waliotoka kwake — walio hapa, walio Toronto, waliolala kule chini ya mipera. Hakuna wa ukoo anayeweza kumfukuza mwenzake. Nimelifundisha hilo mwaka hadi mwaka, nimelitetea mbele ya majaji. Nikamwambia Lebert hana haja hata ya kuvaa tai.

"Nisitafute wakili?"

"Wa nini?"

"Ee, kweli. Wakili wa nini, na Hakimu ninaye nyumba ya juu!" Akateremka anapiga mluzi wimbo wa kanisani.

Bi Pinnock wa dukani habari ameshazipata. Anasema hawa wanaorudi kutoka Uingereza wanarudi na baridi yao. Tena, choo cha nne ni cha nini wakati mwenye kukaa ni mmoja?

Ijumaa, 7 Februari

Na mimi nimeletewa bahasha. Mimi ni shahidi. Wa Verona!

Niandike taratibu.

Ndani kuna samansi. Nyuma yake kuna ukurasa wa 214 wa tasnifu yangu, London, 1973. Chini ya ukurasa, tanbihi ya 112 imepakwa rangi ya njano. Niliisoma nimesimama:

"L., mtoto aliyeachwa, si wa damu ya ukoo. Bibi wa ukoo alimtangaza kuwa ni mtoto wa mwanawe, akampandia mti na kufukia chini yake kitovu kisicho chake. L. mwenyewe hajui. Ardhi ya ukoo, basi, yaweza kumpokea hata asiye wa damu."

L. mwenyewe hajui. Nililiandika kana kwamba ni jambo la kupendeza! Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na niliiona ndiyo tanbihi bora kuliko zote. Wasomi wawili wakubwa waliniandikia barua kwa ajili yake. Kazi yangu ya kwanza niliipata kwa ajili yake.

Bibi Clem aliniambia siku tunakoboa mbaazi. Akasema, "Hili ni lako, Ionie. Si la karatasi yako." Nikaitikia kwa kichwa. Jioni ileile nikaandika yote daftarini.

Na niliona nimemficha! Herufi moja — L. Kitongoji cha nyumba kumi na tisa, na L. mwenye mti wa kitovu ni mmoja tu. Nilijiambia hakuna wa huku atakayekuja kusoma tasnifu ya London. Kweli, hakusoma mtu wa huku. Amesoma Dalkeith Spence, wakili wa Verona, mwanafunzi wangu wa mwaka 1999, niliyempa alama ya juu kuliko wote. Siku ya kwanza ya darasa nilikuwa nawaambia: anzeni na tanbihi, huko ndiko watu wanakoficha kweli. Amenitii.

Lebert hajui. Miaka sitini na tano, hajui. Na pikipiki ile nimeiona ikiteremka kwake.

Jumapili, 9 Februari

Sikwenda kanisani. Nilisingizia mgongo.

Lebert alikuja baada ya ibada, bado amevaa suti yake ya ushemasi. Hakukaa. Alikuwa na karatasi ndani ya kitabu cha nyimbo.

"Hakimu. Huyu L. ni nani?"

Nimesimama mbele ya majaji watano kwa mpigo, nikajibu bila kumeza mate. Leo niligeuza ndizi kwenye kikaango. Zilikuwa zimeshaungua.

"Maana nilidhani labda ni Leroy," akasema, "yule wa kina Pinnock. Lakini Leroy hana mti."

"Lebert —"

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"Mwaka gani?"

Nikamwambia. Akahesabu, midomo inachezacheza.

"Mwaka ule nilikuwa nakutumia tangawizi kavu. Ulisema London kifua kinakubana."

Kweli alinitumia. Niliichemsha usiku nikiandika tasnifu.

Halafu akasema, wala si kwa hasira, "Ndiyo maana baba hakuniita Uingereza." Alilisema kama mtu aliyepata jibu la hesabu ya zamani sana. Mjomba Gersham aliondoka Lebert akiwa na miaka saba. Alimwahidi kumwita. Kila barua ilipokuja Lebert alikuwa anasimama nyuma ya Bibi, kwenye vidole vya miguu.

Aliirudisha karatasi kwenye kitabu cha nyimbo, akaenda kuwalisha mbuzi na suti yake.

Naumia. Sina neno lingine la kisomi.

Jumatatu, 10 Februari

Hakupita.

Jumanne, 11 Februari

Hakupita. Mbuzi wamepitishwa njia ya chini. Nimesikia kengele tu.

Alhamisi, 13 Februari

Verona amekuja na keki ya Uingereza kwenye kopo, utadhani kuna arusi. "Dada Ionie, usinichukie." Nikamwambia akae kwanza, tuchukiane tumekaa.

Ana miguu imevimba, maskini. Akaipandisha kwenye kigoda bila kuomba.

"Miaka thelathini na nane nimewaosha wazee wa watu, dada. Wengine nimewafumba macho kwa vidole hivi. Kila siku najiambia: baraza moja, kiti kimoja, bahari iko mbele. Basi! Hicho kipande cha juu ni mawe na makaburi. Nikajenge wapi, juu ya tumbo la Babu Prosper?"

Nikasema Lebert angempa nusu ya kipande cha chini kama angemwomba.

"Nimwombe! Wewe unajua Krismasi zetu zilikuwaje? Baba anashika glasi, macho dirishani: 'Lebert wangu, sijui leo kala nini.' Kila mwaka! Mimi nimekaa pale mbele yake na gauni jipya, hata hanioni. Lebert wangu, Lebert wangu. Alitaka kumleta, mama akakataa katakata. Alilia, baba. Mwanaume mzima! Na kumbe hata si wake."

Akalia. Na mimi nikalia, kila mtu upande wake wa meza.

Alipoondoka nilimtazama vibaya, nadhani, maana aligeuka kwenye ngazi. "Usinitazame hivyo, dada. Aliyeandika ni wewe. Mimi nimesomewa tu."

Nikafungua kopo. Keki ilikuwa kavu.

Jumamosi, 15 Februari

Samansi inataka na madaftari ya utafiti. Yako kwenye bati la biskuti chini ya kitanda. Daftari la tatu, jalada la kijani. Mwandiko wangu wa ujana — umesimama wima, unajidai! Nanakili hapa, nisije nikajidanganya baadaye; C.G. ni Bibi Clem:

"C.G., miaka 81. Siku ya soko, Oktoba 1948. Mchuuzi (jina halihusiki), kikapu cha tangawizi, kilemba cha njano, mtoto mchanga wa miezi miwili hivi. Anamwomba C.G. amshikie mtoto, anakwenda kununua chumvi. Hakurudi. C.G. anasema mtoto ni wa Gersham, aliyekuwa Florida kukata miwa. G. anaporudi anacheka: kama mama kasema, basi ni wangu. Kitovu: C.G. alikata nusu ya kitovu cha Ionie, alichokuwa amekiweka akiba, akakifukia chini ya chipukizi la mshelisheli. HII ISIINGIE — mtafiti asiwe ndani ya utafiti wake."

Nusu ya kitovu changu. Mama alikuwa mfanyakazi wa ndani Kingston. Alisema atakuja kukichukua akakizike huko, lakini hakuja. Bibi akakiweka kwenye kopo la hamira. Halafu akaja Lebert, kitovu chake kimekauka na kupotelea kusikojulikana, na mtoto hawezi kuwa wa ardhi bila kitovu. Bibi akatoa kisu. Nusu kwa mstafeli wangu, nusu kwa mshelisheli wake.

Nami nikaliacha hilo nje ili nionekane msomi!

Nikakaa na daftari mapajani. Nikawaza. Bila daftari hili, inabaki tanbihi ya msichana mmoja aliyetaka kuwafurahisha maprofesa wake. Nasimama mahakamani nasema nilitunga. Jina langu litafutwa kila mahali. Kitabu cha Dkt. Rampersad kitafia kiwandani. Lakini Lebert atabaki mtoto wa Gersham Gallimore na nyumba yake. Niliona ni rahisi mno. Nikaenda jiko la uani, moto wa mchana ulikuwa haujazima.

"Siku hizi unapika karatasi?"

Siku sita hajanisemesha, na sasa yuko pale kwenye uzio, kamba ya mbuzi mkononi.

"Nitasema nilitunga," nikamwambia. "Nitasema ni uongo wa ujana. Hakuna atakayeweza kupinga, Bibi hayupo, mjomba hayupo."

Akaja akalitoa daftari motoni kwa vidole vyake, akalipiga kwenye suruali. Akaketi kwenye gogo. 

"Ulisema kweli bila kuniuliza," akasema. "Sasa unataka kusema uongo bila kuniuliza."

"Lebert, watakutoa!"

"Mimi ni shemasi, Hakimu. Nitalalaje kwenye nyumba iliyosimama juu ya uongo wako?"

"Ni nyumba yako!"

"Basi hayo uwaambie wao. Daftari lipeleke kama lilivyo."

Jalada limeungua pembe moja. Na vidole vyake viwili vimeungua. Nimeona, lakini sikuthubutu kumpaka dawa.

Jumanne, 18 Februari

Dkt. Rampersad. Anaomba nisisahau kuandika kuhusu kesi ya 1986, kila mtu anataka kuisoma. Bila shaka.

Niiandike hapa basi, kwa kuwa kule sitaweza. Kampuni moja ya hoteli ilikuwa imenunua karatasi za ardhi ya ukoo kwa mtu asiyehusika. Familia ikaniita niieleze mahakama desturi yetu. Nilizungumza siku nzima. Jaji alikuwa mzee, joto limemchosha. Akanikatiza: "Profesa, kwa neno moja. Ardhi hii humfuata nani?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nilikuwa na tanbihi ya 112. Nilikuwa na mti. Lakini mawakili wa hoteli walikuwa wananitazama wakitabasamu, na nilitaka kushinda, Mungu wangu, nilitaka sana kushinda.

"Damu," nikasema.

Tukashinda! Nilibebwa juu juu hadi barabarani. Picha yangu ilitoka gazetini, kofia imepinda. Tangu siku ile familia kumi na saba zimebaki kwenye ardhi zao kwa neno lile moja. Nina orodha. Nilikuwa nikiisoma nikiwa na huzuni. Na wanafunzi wote wamelikariri — Spence analijua kama anavyolijua jina la mama yake.

Leo limemfikia Lebert. Kwa neno langu, damu. Kwa tanbihi yangu, hana.

Nimempigia wakili mmoja kijana mjini amtetee. Alikuja mpaka getini kwa Lebert, akapewa maji ya nazi, akaambiwa asante na safari njema.

Mashelisheli yanaanguka chini ya mti wake na kuoza. Hayatungui.

Jumapili, 23 Februari

Mvua. Lebert amekuja kujikinga barazani kwangu, au ndivyo alivyosema. Barazani kwake hakuvuji.

Nikasema sasa au basi. Nikamwambia kwanza maneno ya Verona: glasi ya Krismasi, Lebert wangu sijui leo kala nini, machozi, mke aliyekataa katakata. Alikuwa anatazama mvua. "Alisema wangu?" aliuliza. Nikamwambia kila mwaka. Akauliza tena, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia vizuri: "Na alikuwa anajua?" Nikasema alijua tangu siku ya kwanza, alijua kabla yako. Akavua kofia, akaiweka gotini, akaivaa.

Kisha nikamwambia kuhusu kopo la hamira na kisu cha Bibi.

Aliinamisha kichwa. Nikadhani amekasirika. Mara mabega yakaanza kutikisika — anacheka! "Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nakutumia Kingston shelisheli la kitovu chako mwenyewe. Na nauli nimelipa mimi!" Tukacheka mpaka nikashika ubavu. Kisha yeye akawa hacheki tena, ila mabega bado yanatikisika, nami nikashika mkono wake wenye vidole vilivyoungua mpaka mvua ikakatika.

Akiondoka alisema Alhamisi atavaa tai.

Jumatano, 26 Februari

Nimepiga pasi gauni la kijivu, lile la 1986. Linanibana. Ukurasa wa Dkt. Rampersad bado una mstari mmoja. Silali. Kesho.

Alhamisi, 27 Februari

Mahakamani, saa saba na nusu mchana. Benchi la ukumbini. Tunarudi ndani saa nane, na mimi ndiye nitakayeendelea.

Hakimu wa kesi ni msichana niliyemfundisha mwaka 2003, alikuwa akikaa nyuma karibu na dirisha. Nusu ya chumba kile nimeifundisha! Verona kaja na kofia. Lebert kakaa peke yake, tai ya kahawia, viatu vinang'aa.

Spence aliniinamia kichwa. "Profesa, ulitufundisha tuanze na tanbihi." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa mazoea tu! Akasoma tanbihi. Akaomba daftari. Akauliza kwa nini limeungua pembe, nikasema nilitaka kulichoma. Hapo hakucheka mtu.

Akasoma ukurasa wote kwa sauti. Ana sauti nzuri, nilimwambia zamani aitumie. Mchuuzi, jina halihusiki, kikapu cha tangawizi, kilemba cha njano. Chumvi. Kitovu. Nilikuwa namtazama Lebert. Nilidhani atainua kichwa penye kitovu. Aliinua mapema zaidi.

"Ni kweli, Profesa?"

"Ni kweli."

Verona alikuwa anatazama mikono yake. Halafu Spence akafungua hukumu ya 1986, alikuwa ameweka alama. "Damu. Bado ndiyo msimamo wako?" Nikaanza kusema.  Nikaomba maji, nikanywa yote, nikaanza upya, na hakimu akatazama saa kwa upole akasema tukale kwanza. Nikirudi nijibu, kwa ufupi nikiweza.

Nimeamua. Nimeandika ninayokwenda kusema, kwenye ule ukurasa wa Dkt. Rampersad, maana ndio niliokuwa nao mkobani. Umejaa. Nitasema nilikosea 1986, na nilijua wakati ule kwamba nakosea. Kwamba ardhi yetu humfuata pia aliyepandiwa mti. Kwamba chini ya mti wa Lebert iko nusu ya kitovu changu na hakuna mahakama itakayoweza kuitenganisha na udongo. Spence atauliza: na zile familia kumi na saba, je? Sijui. Hoteli nazo zina watu wa kusoma tanbihi. Naweza kuwaponza watu wote wale na bado nisimponye Lebert. Lakini nitasema.

Lebert amekuja kukaa hapa. Ana bula mbili, vile vikate vitamu vya Bi Pinnock, na parachichi. Analikata kwa kile kisu chake cha mfukoni, ananipa nusu juu ya mkate.

"Kula, Hakimu. Huwezi kusema na tumbo tupu."

Nimemsomea ukurasa wangu kwa sauti ya chini. Amesikiliza wote. Ameitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia mahubiri ya mgeni.

"Vizuri. Umeandika vizuri," amesema. Amefuta kisu kwenye gazeti, pande zote mbili. "Lakini mimi nina swali moja. Si la ardhi."

Nikamwambia aulize.

"Yule wa tangawizi. Bibi alimtaja?"

Alimtaja.

Nauona mdomo wa Bibi ukimtaja — jina lake, na jina la baba yake, na kwao, mahali fulani ng'ambo ya mto. Naziona mbaazi bakulini. Nakumbuka ekari, ekari nilimwuliza mara tatu, nikaziandika kwa desimali. Nakumbuka kalamu ilikuwa inakatika wino, nikaitikisa, nikaona wino uliobaki niutunzie sehemu ya kitovu. Natafuta. Lilianza na sauti gani? Lilikuwa refu au fupi? Hakuna aliye hai wa kumwuliza. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nina kalamu, na nililisikia!

"Alinibeba miezi miwili kabla ya ile chumvi," anasema Lebert. "Lazima alikuwa na jina."

Naandika ili nisimtazame. Parachichi liko mkononi mwake, hajaling'ata.

Karani amefungua mlango. Anaita: Ionie Clementina Brissett! Anaita tena, ukumbi mzima unasikia. Majina yangu yote matatu. Lebert hajageuka kumtazama, bado anasubiri lile moja.